Mshiko Kabla ya Nguvu: Gari la Saluni la Familia Katika Majira ya Theluji

Kila inapokaribia miezi ya Novemba na Desemba, idara yetu ya uhandisi wa magari hupokea maswali kutoka kwa ndugu zetu wasemaji wa Kiswahili wanaoishi katika maeneo yenye baridi kali ya Amerika ya Kaskazini, kama vile Minnesota, Ohio, Maine, Alberta na Manitoba. Wengi wao wamenunua gari la saluni la ukubwa wa kati lililokwishatumika, mara nyingi Toyota Camry, Honda Accord au Nissan Altima, na wanataka kujua mambo mawili: namna ya kuongeza nguvu za injini ili gari liwe jepesi kwenye barabara kuu, na namna ya kuliendesha kwa usalama pindi theluji inapoanza kuanguka. Kwa mtazamo wa kiufundi mambo hayo hayatenganishwi. Nguvu yote inayozalishwa na injini hulazimika kupita katika sehemu nne ndogo za mpira zinazogusa ardhi, na wakati wa baridi ni mshiko wa sehemu hizo unaoamua gari litaondoka vipi, litakata kona vipi na litasimama wapi.

Tuchukue Camry ya lita 2.5 iliyouzwa Marekani kati ya mwaka 2018 na 2024, ambayo injini yake hutoa nguvu za farasi 203. Gari hilo lina uzito wa takriban kilo 1,500, huvutwa na magurudumu ya mbele, na kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake hukaa kwenye ekseli ya mbele. Likiwa katika gia ya kwanza, injini yake inaweza kuyasukuma magurudumu hayo kwa zaidi ya nyutoni 8,000 (nyutoni ni kizio cha kupimia nguvu ya kusukuma). Hata hivyo, juu ya barafu laini ambayo kipimo chake cha msuguano, yaani cha jinsi uso unavyoshika, ni karibu 0.1, matairi ya mbele yanaweza kuihamisha ardhini nguvu isiyofika hata nyutoni 900, na juu ya theluji iliyoshindiliwa takriban nyutoni 2,200. Kinachozidi hapo huishia katika matairi kuzunguka bure huku gari limesimama palepale. Mtu anayeongeza farasi 20 katika injini hiyo kwa ajili ya majira ya baridi anaongeza kitu ambacho tayari gari linacho kwa ziada, na kinachopungua, yaani mshiko, kinabaki vilevile.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza, na tunautoa bila kusita, ni kwamba fedha iliyotengwa kwa ajili ya injini ianze kwenda kwenye matairi. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kama barabara ni kavu na hakuna chembe ya theluji, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyofanana na soli ya kandambili kuukuu juu ya sakafu ya marumaru iliyomwagikiwa maji. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini katika halijoto hiyo. Ukiinama na kulitazama kwa karibu, utaona kwamba kila kinundu cha uso wake kimekatwa kwa mipasuko myembamba iliyopindapinda, ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba hufunguka na kufunga. Kingo za mipasuko hiyo ndizo zinazouma theluji, na nafasi zake huondoa utando mwembamba wa maji unaotokea kati ya tairi na barafu. Mifereji mipana inayoizunguka hujaa theluji, na hilo si kasoro, kwa kuwa theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Wakati wa kununua, herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha "tope na theluji") zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zisikutosheleze, kwa sababu zinaeleza umbo la mifereji tu. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, inayotolewa kwa tairi lililopimwa na kufaulu kwenye theluji. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa tairi lililokaa ghalani miaka mingi huwa limekwisha kupoteza ulaini unaoulipia. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, matairi ya aina hii ni lazima kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Majimbo mengi ya Marekani hayana sharti kama hilo, na kutokana na hali hiyo wageni wengi hudhani kwamba hayahitajiki.

Yafungwe yote manne. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunafahamu bei yake, na tunafahamu ushawishi wa kununua mawili tu ya mbele kwa hoja kwamba ndiyo yanayovuta. Gari likiwa na matairi laini mbele na magumu nyuma, pua hushika kona vizuri ilhali mkia hauna mshiko, na dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko au kona, sehemu ya nyuma huserereka kuja mbele kabla hajapata muda wa kufikiri. Afadhali mwenye bajeti ndogo anunue rimu za chuma za mtumba na matairi membamba kidogo. Camry iliyotoka kiwandani na matairi ya ukubwa wa 235/45R18, ambapo namba ya kwanza ni upana kwa milimita, inaweza kufungwa 215/55R17, ambayo kimo chake kinakaribia kulingana kabisa na yale ya awali, hivyo kipimamwendo hakitadanganya. Kwa kuwa ni membamba zaidi, hukata theluji badala ya kuelea juu yake, na ubavu wake mnene huvumilia mashimo.

Upepo wa matairi nao hupungua kwa kadiri ya psi 1 (psi ni kizio cha kupimia shinikizo la upepo) kila halijoto inaposhuka kwa nyuzi 5.6. Tairi lililojazwa psi 35 ndani ya karakana yenye nyuzi 20 litakuwa na takriban psi 28 asubuhi ambayo nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Jambo la hatari hapa ni kwamba kanuni za Marekani zinataka taa ya onyo kwenye dashibodi iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25, yaani katika mfano huu karibu na psi 26, kwa hiyo dereva anaweza kwenda msimu mzima akiwa na upepo pungufu bila taa kumwonya. Pima mwenyewe asubuhi, gari likiwa halijatembea.

Kuhusu mvuto wa magurudumu manne, ambao Subaru Legacy ilikuja nao kwa miaka mingi na ambao Camry iliupata tena katika soko la Marekani kuanzia toleo la mwaka 2020, faida yake ni ya kweli katika kuondoka na kupanda mlima. Katika kusimama haina msaada wowote, kwani kila gari lina breki katika magurudumu manne. Saluni ya kawaida yenye matairi ya baridi husimama mapema kuliko yenye mvuto wa magurudumu manne iliyovaa matairi ya kiangazi.

Baada ya hayo tunaweza kuizungumzia injini. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina uzito unaozidi kwa takriban asilimia 16 ule wa hewa ya nyuzi 20 juu ya sifuri, kwa ujazo uleule, kwa hiyo injini hupata oksijeni nyingi zaidi bila mtu kununua chochote. Vichujio vya hewa vya wazi vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu havina tija kubwa kwa gari la namna hii, maana mfumo wa kiwandani tayari huvuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari, na vile vinavyowekwa chini karibu na bampa hufyonza tope la theluji lililochanganyika na chumvi. Kuibadilisha programu ya kompyuta ya injini huleta ongezeko la maana kwa injini zenye turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Kwa injini isiyo na turbo kama ile ya Camry, kinachobadilika zaidi ni wepesi wa pedali ya mafuta kuitikia mguu, na wepesi huo ndio usioutaka kwenye barafu. Gari lenye kitufe cha mwendo wa theluji, au hata ule wa kubana matumizi ya mafuta, hufanya kinyume chake kwa makusudi: pedali hulainika ili nguvu ije taratibu. Tunaonya pia kwamba kuondoa kisafisha moshi katika bomba la ekzosi ni kosa chini ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, na kwamba kushusha gari chini huligeuza kuwa jembe la kukusanyia theluji.

Mwenye gari la zamani atapata zaidi kwa kulirudishia uwezo liliokuwa nao. Spaki plagi zilizopitisha muda, kichujio kilichoziba, shokapu zilizolegea na alaimenti iliyoharibika hupunguza nguvu na utulivu kiasi kwamba gari lililohudumiwa vizuri huonekana kama limebadilishwa injini. Oili iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa mfano 0W-20 au 0W-16, ambapo namba iliyo kabla ya herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi. Oili nzito ambayo mafundi wengi wa kwetu huipendelea kwa sababu ya joto huchelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha, na dakika hizo ndizo injini inazolika. Maji ya rejeta yawe mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji safi na dawa ya kuzuia kuganda, ambao huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hutanuka na kuweza kuipasua bloku ya injini.

Betri inahitaji umakini wa pekee. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri huwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, wakati uleule ambapo stata inalazimika kuzungusha injini iliyojaa oili nzito. Betri iliyokuwa ikiwasha gari kwa shida mwezi wa Septemba haitafika Januari, na ni heri kuipeleka ikapimwe mapema kuliko kuomba jirani akubusti saa kumi na moja alfajiri wakati unawahi zamu. Katika miji ya Kanada kama Winnipeg na Edmonton utaona waya wa umeme ukining'inia mbele ya magari, na soketi katika maegesho. Huo ni waya wa hita ya bloku, ambayo ikichomekwa saa mbili hadi nne kabla ya safari huipasha injini moto na kuirahisishia stata kazi. Anayeishi huko asione gharama kuifunga. Tarajia pia matumizi ya mafuta kupanda: kwa takwimu za serikali ya Marekani, gari la kawaida la petroli katika safari za mjini hupoteza takriban asilimia 15 ya umbali kwa lita katika nyuzi 7 chini ya sifuri likilinganishwa na nyuzi 25, na katika safari fupi sana upungufu hufika asilimia 24. Kuliacha gari liungurume nusu saa uani hakusaidii. Dakika moja inatosha, kisha endesha polepole hadi injini ipate joto.

Barabarani, hesabu ya kusimama ndiyo inayopaswa kumkaa dereva kichwani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari huhitaji takriban mita 12 kusimama kwenye lami kavu, karibu mita 40 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na karibu mita 100 kwenye barafu, bila kuhesabu mita 14 linazosafiri katika sekunde moja ya dereva kushtuka. Barafu inayoteleza kupita zote ni ile iliyo karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu juu yake kuna maji. Ile ya baridi kali zaidi hushika afadhali kidogo. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa kuwa hewa baridi hupita juu na chini yake. Chumvi inayomwagwa na halmashauri nayo hupungua uwezo halijoto inaposhuka kuelekea nyuzi 10 chini ya sifuri, hivyo barabara iliyotiwa chumvi si lazima iwe salama.

Ukilazimika kufunga breki ghafla, kanyaga kwa nguvu na usiachie. Pedali itatetemeka chini ya mguu, na mtetemo huo ni mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga ukifanya kazi yake. Pua ikigoma kufuata usukani, ondoa mguu kwenye mafuta na urudishe usukani kidogo hadi matairi yashike tena, kwani kuukata zaidi huongeza mserereko. Mkia ukitoka, elekeza macho na usukani kule unakotaka kwenda. Mazoezi haya yafanywe kwa mwendo mdogo katika eneo tupu na kwa idhini ya mwenye eneo, kabla ya dharura yenyewe.

Gari likinasa, zima kwa muda mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, mwaga mchanga mbele ya matairi yanayovuta, kisha lisogeze mbele na nyuma kwa mafuta kidogo. Kabla ya kukaa ndani huku injini ikiunguruma ili upate joto, toka nje ufukue theluji inayoziba mdomo wa bomba la moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ikikosa pa kutokea huingia ndani ya gari walimolala watoto.

Halijoto inapotulia juu ya nyuzi 7, osha gari, hasa chini yake ambako chumvi hujificha na kula chuma, kisha uyavue matairi ya baridi. Baadhi ya magari ya mtumba kutoka Japani hufika Dar es Salaam na Mombasa yakiwa bado na matairi ya namna hii. Juu ya lami ya joto mpira wake laini huisha upesi na hurefusha umbali wa kusimama, hivyo mnunuzi ayabadilishe kabla ya kuanza safari ndefu.