Je, wajua kwa nini bembea za shule hutengenezwa kwa bomba tupu?

Pita Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, siku yoyote ya kazi. Kati ya mageti, sigiri na vitanda vya deka vya mabweni, utaona bembea mbili tatu zenye rangi nyekundu na njano zikingoja lori la shule ya chekechea. Karibu zote ni za bomba. Wateja wengi huuliza mbona fundi hakutumia nondo nene, kwa kuwa kizito ndicho kigumu. Hapo hukosea.

Chukua bomba la upana wa milimita 50 na unene wa milimita 3. Mita moja ina uzito wa kilo 3.5 hivi. Chuma hichohicho ukikisokota kiwe nondo isiyo na tundu, unapata nondo ya milimita 24, nayo itapinda karibu mara nane zaidi chini ya mzigo uleule. Boriti inapolemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa, huku chuma cha katikati kikikaa bila kazi. Bomba hukitoa huko katikati na kukiweka pembeni, kwenye kazi.

Mwanzi umejengwa hivyohivyo, na vifaa vya michezo vimewahi kuanzia kwake. Mwanahisabati Mwingereza Charles Howard Hinton, alipokuwa Japani, aliwajengea watoto wake fremu ya mianzi wapande, akitaka wazoee kufikiria nafasi kwa pande zake zote. Mwanawe Sebastian, mwanasheria wa hataza (haki za uvumbuzi) Chicago, alikumbuka fremu ile ukubwani, akatengeneza ya kwake ya mabomba na kuiombea hataza, iliyotolewa mwaka 1923. Huko Kettering, Uingereza, mhandisi Charles Wicksteed alikuwa amefungua bustani ya michezo mwaka 1921, na kampuni yake iliyokuwa ya mashine ikaishia kuuza bembea.

Lakini hata bomba zuri halitaokoa kiungo kibaya. Mtoto wa kilo 30 akibembea hadi minyororo ifike nyuzi 60 kutoka wima, anapopita chini kabisa huvuta kwa nguvu ya kilo 60. Askari wa zamu mwenye kilo 80 akijaribu bahati yake jioni, ni 160. Mzigo huo wote unaning'inia kwenye pete mbili juu.

Pete hizo kwa kawaida ni nondo ya milimita 12 iliyokunjwa na kuchomelewa chini ya boriti, na ndoano ya mnyororo hupita ndani yake. Chuma hula chuma. Pete ikiliwa hadi milimita 8, imebaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na kwa kuwa ulaji uko upande wa ndani, anayetazama kutoka chini haoni kitu. Ule mlio wa kukwaruza ambao walimu hudhani ni kero tu ndio chuma chenyewe kikisagika. Fundi mzuri hufunga beringi za gurudumu la bodaboda, zile zilizofunikwa pande zote, na kupitisha bolti yenye nati isiyolegea. Kazi inaongezeka kwa saa chache, pete inaachwa kabisa.

Kisha kuna kutu. Bomba la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, lina kinga hiyo, lakini moto wa kuchomelea huichoma zinki, na mshono unabaki uchi. Inabidi zinki isagwe kwanza, mshono uchomwe kwa vijiti vya milimita 2.5, kisha upakwe rangi ya zinki kabla ya ile nyekundu. Anayechoma zinki bila kuisaga huvuta moshi wake na usiku kutetemeka kwa homa. Mafundi hunywa maziwa kama kinga, ila moshi huingia mapafuni na maziwa huenda tumboni. Afadhali afanyie kazi nje, upepo ukimtoka mgongoni.

Miguu hufukiwa sentimita 60 kwa zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mahali panapooza kwanza ni pale bomba linapoingia ardhini, hasa Kampala ambako mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba. Paka lami sentimita 20 juu na chini ya usawa wa ardhi, na ziba ncha zote za juu kwa bamba lililochomelewa. Ncha ikiachwa wazi, mvua hujaa ndani na bomba huoza kutoka tumboni huku rangi ya nje iking'aa.

Kuangalia ni rahisi. Fukua kidogo kuzunguka mguu, gonga kwa nyundo ndogo ukianzia juu kushuka chini. Bomba zima hulia kama kengele. Sauti ikifa ghafla karibu na ardhi, kwaruza rangi hapo kwa bisibisi. Ikizama, funga bembea siku hiyohiyo.