Hirizi ya dundu katika Misri ya kale

Ukitaja hirizi, wengi wetu tunapata picha ya karatasi yenye maandishi, imekunjwa na kushonewa ndani ya ngozi. Nguvu iko kwenye maneno, na maneno yamefichwa. Kwa Wamisri wa kale hirizi ilikuwa mara nyingi kijiwe kilichochongwa, na umbo lake lenyewe ndilo lililofanya kazi.

Umbo lililoenea sana ni la dundu, yule mdudu mweusi anayeviringisha tonge la mavi. Wamisri walimtazama akisukuma tonge lake, wakaona ndivyo jua linavyosukumwa angani. Wakaona dundu wachanga wakichomoza ardhini, wakaamini kiumbe huyu hujiumba mwenyewe. Katika maandishi yao, picha ya dundu husomwa kheper, yaani kuwa, kutokea, na mungu wa jua la asubuhi ni Khepri. Kwa hiyo aliyevaa dundu alikuwa amevaa neno.

Hirizi hizi za dundu nyingi ni ndogo, kama ncha ya kidole. Mgongoni utaona kichwa, mstari unaotenga mabawa mawili, na pia miguu iliyokunjwa ubavuni. Tundu la uzi limepita toka mbele hadi nyuma. Igeuze. Tumbo ni bapa, na kwa baadhi limechorwa jina la mfalme, la mungu au la ofisa, ndiyo maana ilitumika pia kama muhuri. Jiwe lenyewe mara nyingi ni jiwe la sabuni, jamii ya lile linalochongwa Tabaka, Kisii. Ni laini kulichonga, kisha Wamisri walilipaka rangi ya kioo ya kijani au buluu na kulichoma, likawa gumu.

Inayonigusa zaidi ni dundu wa moyo, mkubwa kuliko hao wengine, wa jiwe la kijani, rangi ya mmea unaochipua. Huyu aliwekwa kifuani pa maiti. Waliohifadhi maiti walitoa mapafu, ini, tumbo na utumbo, lakini moyo waliuacha, kwa kuwa waliamini ndio wenye akili na kumbukumbu, na ndio utakaopimwa katika hukumu ya wafu, kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki na kweli. Hofu ilikuwa moyo wenyewe usije ukageuka shahidi dhidi ya mwenyewe. Basi tumboni mwa dundu walichonga maneno ya kuusihi: moyo niliopewa na mama yangu, usinisimamie kunishtaki.