Bastola ya Mwaka 1944: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Nimefanya kazi ya ufundi wa silaha jeshini kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali la bastola kuukuu huniijia mara nyingi likiwa limekwisha kubeba jibu lake: silaha iliyoundwa kabla babu ya anayeibeba hajaoa haiwezi kufaa tena. Mimi huona umri kuwa kigezo dhaifu. Ninachotazama ni mambo mawili, yaani kama vipuri vyake bado vinapatikana, na kama namna inavyolazimika kubebwa inalingana na kazi ya askari wa leo.

Mfano ninaoupenda ni wa Kanada, kwa sababu jeshi la nchi hiyo lilikaa na bastola moja kwa muda mrefu sana. Bastola yenyewe ni Browning Hi-Power. John Moses Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, kabla hajaikamilisha, na Dieudonné Saive wa FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, ndiye aliyeimalizia, hata jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ilichukua risasi 13 za milimita 9, zikiwa zimepangwa kwa safu mbili, wakati bastola nyingi za zama hizo zilichukua 7 au 8. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda cha FN kiliangukia mikononi mwao, na bastola hiyo ikaja kuundwa upande wa pili wa bahari, Toronto, katika kiwanda cha John Inglis kilichokuwa kikiunda boila na bunduki za rashasha za Bren, na ambacho watu wengi walikuja kukijua baada ya vita kwa mashine za kufulia nguo. Inglis waliunda zaidi ya bastola 150,000 kati ya 1944 na 1945, sehemu kubwa ikiwa imekusudiwa China, kisha mitambo ikazimwa. Kanada ikabaki na akiba, na akiba hiyo ikatumika kwa zaidi ya miaka 75. Askari waliokwenda Afghanistan walibeba bastola zilizoundwa Hitler akiwa bado hai.

Je, zilikuwa zimechoka? Hapo ndipo inabidi kuifungua moja mezani. Baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi, huivua slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa) na mtutu, nikaosha mafuta yote, kisha nikapaka mafuta ya taa kwenye meno ya kufungia mtutu na kwenye pembe za tundu la kutolea maganda. Nayafuta kwa kitambaa hadi pakauke, napaka unga wa chaki, nasubiri. Palipo na ufa, hata ule usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mwembamba kwenye chaki. Ni mbinu ya kizamani, na wenye maabara watacheka, lakini imeniokoa zaidi ya mara moja. Ufa ukionekana, mjadala umekwisha. Slaidi hiyo haiunganishwi kwa kuchomelea.

Kipimo kingine ni cha penseli. Bastola ikiwa tupu kabisa na mtutu ukielekea juu, unadondosha ndani penseli yenye kifutio, kifutio kikitangulia, kisha unafyatua. Penseli inapaswa kuruka nje kwa nguvu. Ikijikongoja, ama springi ya nyundo imelegea, ama njia ya pini inayogonga risasi imejaa uchafu. Kwenye Hi-Power, kijana asiyeijua atapata fadhaa: atafyatua na hakuna kitakachotokea, kwa sababu bastola hii hukataa kufyatuka magazini ikiwa imechomolewa. Ni lazima aingize kwanza magazini tupu. Kifaa hicho cha usalama ndicho pia kinachofanya traiga yake, yaani kifyatulio, iwe nzito na ya kukwaruza, jambo ambalo wapiga shabaha wamelilalamikia tangu zamani.

Bastola nyingi nilizoletewa kwa madai kwamba zimekufa hazikuwa na ugonjwa wowote wa chuma. Nakumbuka luteni mmoja, katika kikosi ambacho sitakitaja, aliyeiweka yake mezani kwangu kwa hasira.

“Sajini, hii ni ya kutupwa. Inakwama kila risasi ya tatu.”

“Afande, naomba na magazini zake.”

Alikuwa na mbili. Nilichomoa springi ya moja nikailaza kando ya springi mpya kutoka kwenye pakiti, na ile ya zamani ilikuwa fupi kwa koili tatu nzima. Midomo ya magazini nayo ilikuwa imepanuka, ishara kwamba iliwahi kuangushwa kwenye sakafu ya saruji. Tulikwenda uwanja wa shabaha na magazini mpya, akapiga risasi hamsini bila kukwama hata moja, na bastola ile ile ya kutupwa akarudi nayo kiunoni. Watu wengi hudhani springi huharibiwa na kukaa magazini ikiwa imejaa, kumbe kinachoichosha hasa ni kubanwa na kuachiliwa mara maelfu. Springi ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba, kama oili ya gari.

Kwa hiyo, kama ningetazama chuma peke yake, ningesema Kanada ingeweza kuendelea. Tatizo lao lilikuwa ghala. Inglis waliacha kuunda mwaka 1945, na FN wenyewe walibadilisha sehemu kadhaa baadaye, ikiwemo ndoana ya kuvutia ganda, ambayo kwenye bastola za vita imejificha ndani ya slaidi na kwenye zile za kuanzia miaka ya 1960 iko nje. Kipuri cha mpya hakiingii tu kwenye ya zamani. Fundi anapofikia kuvunja bastola tatu ili apate mbili zinazofanya kazi, bastola hiyo imestaafu, hata kama orodha ya ghala inasema ipo.

Sababu ya pili ni ubebaji, na Waingereza, ambao nao walikuwa wakitumia Hi-Power, waliieleza vizuri kwa vitendo. Hi-Power hufyatuliwa nyundo ikiwa imevutwa nyuma, na kifunga-usalama chake cha zamani ni kidogo na kigumu kwa kidole gumba, kwa hiyo desturi ya majeshi mengi ilikuwa kuibeba chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu na kuikoki kwa kuvuta slaidi unapohitaji. Mtu aliye ndani ya gari, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, hana mkono wa kukokia. Mwaka 2013 Uingereza ilitangaza kununua Glock 17 zaidi ya 25,000 kwa takriban pauni milioni 9. Glock huchukua risasi 17, ni nyepesi kwa sababu ya fremu yake ya plastiki, na inaweza kubebwa risasi ikiwa ndani ya chemba. Hoja hiyo ya mwisho kwangu ina uzito kuliko zote.

Tazama bei hizo. Mwaka 2022 Kanada ilitoa mkataba wa dola milioni 3.2 kwa bastola 7,000 za SIG Sauer P320. Kwa jeshi la kisasa hizo ni fedha za chai. Kinachochelewesha ni karatasi: zabuni, rufaa za walioshindwa, mahitaji yanayoandikwa upya. Nchini Marekani, Jenerali Mark Milley, mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati huo, alilalamika hadharani mwaka 2016 kwamba waraka wa mahitaji ya bastola mpya ulikuwa na kurasa 367, na majaribio yangechukua miaka miwili. Nilimwelewa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani bastola mpya inakuja bila maradhi. Marekani iliichagua P320 mwezi Januari 2017, na Agosti mwaka huo huo ilibainika kwamba toleo la kiraia linaweza kufyatuka likianguka kwa pembe fulani, hata kampuni ikatoa marekebisho ya traiga. Beretta M9, bastola ya jeshi la Marekani iliyotangulia, nayo ilipata misukosuko ya slaidi kupasuka miaka ya 1980, ikaongezewa kizuizi ili kipande kisimrukie mpigaji usoni. Anayebadilisha silaha atenge muda na risasi za kutosha za kuijaribu kabla hajazikabidhi zile za zamani kwa tanuru.

Nimeandikiwa na watu waliosikia kwamba FN, baada ya kusitisha Hi-Power mwaka 2018, walirudi na bastola yenye jina karibu lile lile mwaka 2022, wakauliza kama sasa vipuri vimepatikana. Hapana. Inafanana nayo kwa sura tu. Vipuri vyake ni vingine, na hata magazini haiingii.