Mzee Hajifanyi: Kwa Nini Dalili za Parkinson Hupanda na Kushuka Ndani ya Siku Moja

Kuna lalamiko tunalolisikia sana kliniki kutoka kwa ndugu wa wagonjwa wa Parkinson hapa Mtwara na Lindi, tena mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa pale pale: "Daktari, huyu mzee anadeka. Asubuhi kaenda msikitini kwa miguu yake, alasiri eti hawezi hata kuinuka kwenye mkeka." Tunaziomba familia zituamini: hadeki. Asubuhi aliweza kweli, na alasiri ameshindwa kweli.

Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwili, hufa kidogo kidogo. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa, hatua hufupika, mkono hutetemeka. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa dopamini. Huchanganywa na kabidopa ili isimalizwe njiani kabla ya kufika huko.

Miaka ya mwanzo mgonjwa hufanana na kaya yenye ghala: levodopa ya asubuhi huwekwa akiba katika seli zilizosalia na kutumika taratibu, hata akichelewa kidonge hahisi kitu. Seli zikizidi kufa, ghala halipo tena, na mwili unategemea kile kilichomo kwenye damu wakati huo. Na levodopa haikai: ndani ya dakika kama 90 nusu yake imeshatoka kwenye damu. Hapo ndipo mgonjwa anaanza kuishi kwa saa ya kidonge. Kinapanda, anafunguka, yaani mwili unalegea na kutembea; kinashuka, anakakamaa tena. Baada ya miaka 4 hadi 6 ya matibabu, wagonjwa kama 40 kati ya 100 huwa wameshaanza kupitia hali hii. Wala si mwili peke yake: wengine dawa inapokaribia kuisha hupata wasiwasi, jasho, maumivu au huzuni ya ghafla, na kidonge kingine kikifanya kazi yote hayo huondoka.

Wapo wanaoikwepa levodopa mapema, wakisema waiweke kwa ajili ya siku za baadaye. Hakuna faida. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hali hii hufuata muda ambao mtu ameishi na ugonjwa na ukubwa wa dozi yake, si miaka aliyotumia dawa.

Tatizo kubwa tunaloliona ni maneno "mara tatu kwa siku". Nyumbani hutafsiriwa kuwa kidonge saa 1 asubuhi na chai, saa 8 mchana na ugali, saa 3 usiku kabla ya kulala. Hesabu: kati ya kidonge cha usiku na cha asubuhi kuna saa 10. Ndiyo maana alfajiri mzee haamki, anageuzwa kitandani kama gogo. Mara nyingi daktari hana haja ya kuongeza dawa. Huigawa dozi ile ile katika vipimo vidogo vinavyokaribiana, na muhimu ni saa zifuatwe hata msimu wa korosho, watu wote wakiwa shambani. Mgonjwa aende na kidonge chake mfukoni.

Chakula nacho kina mkono wake. Protini ya samaki, pweza, mbaazi, kunde au korosho hugombea njia moja na levodopa kwenye utumbo. Kidonge kinywewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kwa maji. Lakini jamani, msimnyime mzee kitoweo! Atakonda bure. Uji, muhogo au ndizi mchana, samaki zaidi jioni: kwa wengi mpango huo husaidia. Choo kigumu pia huchelewesha dawa, kwa hiyo maji na matunda yasikosekane.

Kufunga Ramadhani ni kukaa saa kama 13 bila kidonge. Kwa mgonjwa ambaye dawa yake huisha baada ya saa 3 au 4, hilo ni hatari, na dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa. Zungumzeni na daktari na shehe wenu kabla mwezi haujaandama. Kuacha levodopa ghafla kunaweza kuukakamaza mwili vikali na kuleta homa ya kutishia maisha.

Dawa ikiwa juu kabisa, baadhi ya wagonjwa hujinyonganyonga mikono, shingo au kiwiliwili bila kutaka. Hayo si mashetani. Ni ishara ya kupanga upya dozi, na kazi hiyo ni ya daktari. Upupu, ambao kweli mbegu zake zina levodopa, usichanganywe na vidonge kwa kukisia, maana hakuna ajuaye kikombe kimoja kina kiasi gani.

Mgonjwa akizorota ndani ya siku moja au mbili, msidhani ugonjwa umekua ghafla. Parkinson haiendi hivyo. Tafuteni malaria, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, au vidonge vilivyorukwa. Ulizeni pia kama amepewa dawa mpya. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika ambayo wengi huiita Plasil, huzuia dopamini na inaweza kumkakamaza kabisa, haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, vilevile. Mkifika zahanati yoyote, semeni kwanza kwamba mgonjwa ana Parkinson.

Kabla ya kuja kliniki, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au hospitali ya kanda, chukueni daftari la shule. Kwa siku tatu andikeni saa ya kila kidonge, saa ya chakula, saa aliyofunguka, saa aliyokakamaa, na saa aliyojinyonganyonga. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu. Mje nalo pamoja na pakiti zote za dawa, na aje yule anayeshinda naye nyumbani, kwa sababu ndani ya chumba cha daktari tunamwona mgonjwa dakika chache tu, na huenda ni zile dakika ambazo dawa iko juu.