Chuma cha mguuni hakitangazi ulipo

Ile sauti imerudi tena kwenye magrupu ya Moshi: eti ukivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda ukawekewa chuma, ndani yake kuna kifaa kinachorusha habari zako na mahali ulipo.

Si kweli. Vyuma hivyo ni titani au chuma kisichoshika kutu, kazi yake kushikilia mfupa mpaka uunge. Shika picha yako ya eksirei mbele ya dirisha: utaona bamba jeupe na skrubu zake, hata nyuzi za skrubu. Kifaa cha kurusha habari kingehitaji betri, nayo ingeonekana. Una shaka bado? Muulize daktari wa mifupa amekuwekea nini. Ni haki yako.

Mkanganyiko una chanzo, maana vihisi vya kupandikizwa, yaani vifaa vidogo vya kupimia vinavyowekwa mwilini, vipo. Vya mifupa vingi bado viko kwenye utafiti, vikipima mzigo unaobebwa na chuma mfupa unapounga. Baadhi havina betri kabisa, vinasomwa kwa kifaa kinachosogezwa karibu na ngozi. Marekani iliidhinisha goti bandia lenye kihisi mwaka 2021. Linahesabu hatua na kupima mwendo, lakini halina GPS. Halijui kama uko Majengo au Himo.

Anayekimbia upasuaji kwa hofu hii anaweza kubaki na mguu uliounga vibaya. Ukitumiwa sauti hiyo, usiisambaze, na aliyekutumia mweleze taratibu.