Kubakwa: maswali yanayowachelewesha watu kufika hospitali

Aliyefanya ni baba mdogo wa mtoto. Ukoo unataka kikao kwanza. Twende lini hospitali?
Sasa hivi. Tukio la Jumanne usiku, kikao kimewekwa Jumamosi ili shangazi afike kutoka Morogoro: wakati huo saa 72 zimepita na dawa ya kuzuia VVU haitolewi tena. Kaeni vikao mtakavyo, lakini mtoto awe ameshatibiwa.

Kwa nini saa 72?
Virusi vikishajikita kwenye seli, dawa haiwezi kuvirudisha nyuma. Saa 72 ndio ukingo. Ukifika ndani ya saa chache ni bora zaidi. Anapimwa kwanza, kisha anameza dawa kila siku kwa siku 28. Wengine huacha kabla ya kumaliza kwa sababu ya kichefuchefu. Usiache, rudi kliniki usaidiwe.

Tunamfahamu, ana afya njema. Dawa ya nini?
VVU havionekani usoni. Hospitali kwanza.

Na mimba?
Vidonge vya dharura, vile vinavyoitwa P2, hutumika ndani ya siku 5, na kila siku inayopita hupunguza nguvu yake. Kusubiri kuona kama hedhi itakuja si mpango. Kujikalia maji ya moto yenye chumvi au dawa ya kuua vijidudu hakuzuii mimba wala maambukizi, kunaunguza tu.

Aoge?
Asioge, asijisafishe ukeni, asifue nguo, kama anaweza kuvumilia. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki; kwenye mfuko wa plastiki unyevu huziozesha na ushahidi hupotea. Ameshaoga? Aje hivyo hivyo. Asibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Hatuna PF3, ile fomu ya polisi.
Matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Kama mko Dar es Salaam, nendeni hospitali ya Amana, Mwananyamala au Temeke, iliyo karibu. PF3 hutolewa polisi, na mkifika huko ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Habari ya mtoto inaweza pia kupigiwa simu 116, bure.

Hakupiga kelele, wala hana mchubuko. Alibakwa kweli?
Kubakwa ni kuingiliwa bila ridhaa, na kwa mtoto ridhaa haihesabiki. Mwili wa binadamu huganda kwa hofu na sauti haitoki. Hilo si kukubali. Michubuko midogo ya ukeni hupona haraka, na mara nyingi hakuna jeraha kabisa. Na tafadhali, acheni kumpeleka binti kwa bibi "akaangaliwe bikira". Hakuna mtu anayeweza kuangalia bikira akajua kama binti ameingiliwa, bibi wala daktari. Mnachofanya ni kumuumiza mara ya pili huku saa zikikimbia.

Mtoto wa kiume je?
Dawa ni zile zile na saa ni zile zile 72, isipokuwa P2. Akilawitiwa huwa anafichwa hadi ashindwe kukaa. Hospitali kwanza, na yeye pia.