Maswali na Majibu: Hedifoni Zinazozima Kelele na Afya ya Masikio

Hedifoni zinazozima kelele, ambazo awali zilionekana zaidi masikioni mwa abiria wa ndege, sasa zimeenea kwenye daladala, mabweni ya vyuo, ofisi na hata jikoni. Majibu yaliyomo humu yameandaliwa kwa ajili ya watu wanaozitumia kila siku, na yanasisitiza jambo ambalo aghalabu halizingatiwi: faida ya kiafya ya kifaa hiki hutegemea mtumiaji anaweka sauti kiasi gani baada ya kelele ya nje kupungua.

Hedifoni hizi huzimaje kelele?

Sauti ni mtikisiko wa hewa unaosafiri kwa mawimbi, yaani hewa hubanwa na kuachiwa mara nyingi kwa sekunde moja. Hedifoni hizi zina maikrofoni ndogo zinazoinasa kelele inapokaribia sikio, kisha chombo cha kielektroniki kilichomo ndani hutengeneza wimbi lililo kinyume na la kelele hiyo: pale kelele inapoibana hewa, wimbi hilo huiachia. Yakikutana, mawimbi hayo hupunguzana nguvu, mithili ya watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa. Kazi hiyo haikomi muda wote kifaa kinapokuwa kimewashwa, ndiyo maana betri ikiisha kelele hurudi papo hapo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, akiwa safarini kwa ndege kutoka Ulaya kwenda Marekani, aliona kwamba hedifoni za abiria hazifui dafu mbele ya mngurumo wa injini. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani hedifoni za kuzima kelele mwaka 1989.

Wapo wanaohofu kwamba sikio hupokea kelele mbili, ile ya nje na hiyo ya kinyume, bila wao kujua. Hofu hiyo haina msingi. Nguvu ya sauti inayolifikia sikio hupungua kwelikweli, na hakuna mzigo uliofichika.

Mbona bado namsikia mtoto akilia na kondakta akiita vituo?

Teknolojia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nzito zisizobadilikabadilika, kama mngurumo wa basi, jenereta ya jirani, feni na kiyoyozi. Kwa sauti za namna hiyo, hedifoni nzuri huweza kupunguza takribani desibeli 20 hadi 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Honi, kilio cha mtoto, sufuria ikidondoka na mazungumzo ya watu ni sauti zenye mawimbi mafupi na zinazobadilika upesi, kwa hiyo hizo huzuiwa zaidi na sponji au mpira unaoziba sikio kuliko na umeme.

Kwa sababu hiyo, namna kifaa kinavyokaa sikioni ina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni huuzwa pamoja na vipira vya saizi kadhaa, lakini wengi hutumia vile vilivyovishwa tangu dukani na kuviacha vingine kwenye boksi. Jaribu saizi zote, kila sikio kwa wakati wake, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Kwa hedifoni kubwa zinazofunika sikio, mkono wa miwani, nywele zilizosukwa au mtandio uliopita chini ya sponji huacha upenyo mdogo, na upenyo huo unatosha kuruhusu mngurumo kuingia. Anayevaa mtandio atapata matokeo bora akivaa hedifoni kwanza kisha akajifunika juu yake.

Je, hedifoni hizi hulinda usikivu wangu?

Huweza kuulinda, kwa sharti moja: upunguze sauti ya unachosikiliza.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo kilichojiviringisha kama konokono kinachoitwa koklea, kila mtu huzaliwa na seli za kusikia zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo zina vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Sauti kubwa huvichosha na, ikiendelea, huziua seli zenyewe. Na kwa binadamu seli iliyokufa haioti tena. Zinazoathirika mapema ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu aliyeanza kupoteza usikivu kwa kelele huendelea kusikia kwamba watu wanaongea, ila hashiki maneno yote, hasa yenye herufi kama s, f, sh na th, na hasa pale penye watu wengi. Hulaumu wenzake kwamba hawatamki vizuri. Miaka huweza kupita kabla hajatambua kwamba tatizo liko masikioni mwake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Kila sauti inapopanda desibeli 3, nguvu yake huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na ikifika desibeli 100 unabaki na takribani dakika 20 kwa wiki nzima. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki, ilhali hasara hiyo inaepukika.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya basi. Abiria mwenye hedifoni za kawaida hupandisha sauti mpaka muziki uushinde mngurumo, na kwa kuwa mngurumo haukomi, yeye huona kiwango hicho ni cha kawaida. Dereva anapozima injini kwenye foleni ndipo hushtuka jinsi sauti ilivyo kubwa. Kilichoumiza masikio yake njia nzima ni muziki alioupandisha juu ya kelele. Hedifoni inayozima kelele huondoa sababu ya kupandisha, na hapo ndipo penye faida yake yote. Lakini haishushi muziki wako yenyewe. Mtu aliyezoea kusikiliza kwa asilimia 90 akaendelea na asilimia 90 ile ile anaumiza seli zile zile kwa kasi ile ile, isipokuwa sasa ametumia fedha nyingi zaidi kufanya hivyo.

Nitajuaje kwamba nimeweka sauti kubwa mno?

Anza na kiwango kisichozidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Simu nyingi za sasa pia huonyesha, kwenye mipangilio ya sauti au ya afya, makadirio ya desibeli ulizosikiliza kwa wiki, na nyingine huruhusu kuweka kikomo ambacho sauti haiwezi kukivuka. Kwa maoni yangu kikomo hicho ni bora kuliko nia njema, kwa maana sikio huzoea haraka na mkono hupandisha sauti bila mwenyewe kufikiri.

Ukivua hedifoni ukasikia mlio masikioni, au ukahisi watu wanaongea kwa mbali kana kwamba masikio yamewekwa pamba, ulivuka mpaka. Hali hiyo mara nyingi huisha baada ya saa kadhaa, lakini kuisha kwake hakumaanishi kwamba hakuna kilichoharibika, na ikijirudia madhara hulimbikizana.

Nikiziwasha nahisi masikio yameziba kama niko ndani ya ndege. Ni hatari?

Si hatari. Shinikizo la hewa sikioni halijabadilika; wataalamu hueleza kuwa ubongo unapokosa ghafla sauti nzito ulizozizoea, huitafsiri hali hiyo kana kwamba shinikizo limebadilika. Baadhi ya watu hupata hata kizunguzungu kidogo. Punguza kiwango cha kuzima kelele iwapo kifaa chako kinaruhusu, au zitumie kwa vipindi vifupi hadi uzoee. Asiyezoea kabisa asijilazimishe.

Je, kuna ubaya wa kuzivaa kutwa nzima, hata bila muziki?

Swali hili linahitaji jibu la uangalifu. Kwa mtu anayesoma karibu na jenereta, au anayefanya kazi katika ofisi ya wazi yenye watu wengi, utulivu ni nafuu ya kweli: uchovu hupungua na akili hutulia. Kwa watu wengine, wakiwemo baadhi ya wenye usonji ambao kelele huwaelemea kuliko inavyowaelemea wengine, kifaa hiki huwawezesha kwenda sokoni, kanisani au darasani bila mateso, na wasinyimwe nafasi hiyo.

Hata hivyo, ubongo hujirekebisha kulingana na mazingira. Unapoishi katika ukimya mwingi, huongeza wepesi wake wa kupokea sauti, na kelele za kawaida za nyumbani huweza kuanza kukera. Kwa mtu mwenye mlio masikioni, ukimya huufanya mlio huo usikike zaidi, na ndiyo maana watoa huduma humshauri awe na sauti laini ya nyuma, kama feni au redio ya chini, badala ya kujifungia katika ukimya. Mwaka 2025 baadhi ya wataalamu wa usikivu nchini Uingereza walieleza wasiwasi kwamba vijana wanaozima kelele muda mwingi huenda wakapungukiwa na uwezo wa ubongo wa kuchambua maneno penye makelele, nao wakaomba utafiti ufanyike. Huo ni wasiwasi, haujathibitishwa. Mimi ningeshauri zivuliwe kila baada ya saa moja au mbili, na sehemu ya siku ipite masikio yakiwa wazi.

Naweza kuzivaa barabarani au nikiwa nimepanda bodaboda?

Hapana, wala sioni sababu ya kulainisha jibu hili. Mngurumo wa lori linalokuja nyuma yako ni sauti nzito, na sauti nzito ndizo hasa zinazofutwa. Mtembea kwa miguu ambaye barabara yake haina njia ya waenda kwa miguu huzitegemea sauti hizo kujua lini asogee pembeni. Vifaa vingi vina hali ya kuruhusu sauti za nje zipite. Itumie mara unaposhuka kituoni, au vua kabisa. Dereva na abiria wa bodaboda wasizivae kamwe, kwa kuwa pia huzuia kofia ngumu kukaa sawasawa kichwani. Mlezi aliyeachiwa mtoto mdogo naye asiwashe uzimaji kelele.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Zinaweza kuwa kinga?

Hedifoni za muziki si kinga ya masikio kazini. Nyundo juu ya chuma hutoa mapigo makali ya ghafla ambayo kifaa hakiwahi kuyafuta, na vingi havijapimwa kwa matumizi hayo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hutaja desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo cha kelele kazini, na mashine ya kukatia vyuma huvuka kiwango hicho kwa mbali. Tumia viziba masikio vya sponji au kinga ya masikio iliyoandikwa kiwango chake cha kupunguza kelele. Viziba hivyo hugharimu kidogo sana vikilinganishwa na hedifoni, navyo hukinga vizuri zaidi.

Masikio yananiwasha na yametoa majimaji. Je, hedifoni ndiyo sababu?

Inawezekana. Katika joto na unyevu wa miji ya pwani, jasho hunaswa ndani ya sikio lililozibwa, na ngozi iliyolowa hushambuliwa kwa urahisi na bakteria au fangasi. Vipira vya hedifoni ndogo pia husukuma nta ndani na kuikandamiza. Futa vipira na sponji kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, viache vikauke, na usiazimane hedifoni za kuchomeka sikioni. Ukitoka kuoga au kuogelea, subiri masikio yakauke kwanza. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, ufunguo wala njiti ya kiberiti. Sikio linalouma au kutoa usaha lisivalishwe chochote hadi litibiwe.

Vipi kuhusu watoto, na mionzi?

Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeshusha kikomo hadi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Mzazi aweke kikomo mwenyewe kwenye simu na kukilinda kwa namba ya siri. Kuhusu mionzi, mawimbi ya redio yanayotumiwa na hedifoni zisizo na waya hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi, na ni hafifu kuliko ya simu yenyewe.

Nimwone daktari lini?

Mlio masikioni ukidumu zaidi ya wiki moja, ukianza kuwaomba watu warudie maneno, au familia ikilalamika kwamba televisheni iko juu mno, nenda ukapimwe usikivu katika hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Kipimo hakiumi: utakaa kwenye chumba tulivu, utavalishwa hedifoni, na utabonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata ule hafifu kabisa.

Lakini ukiamka asubuhi sikio moja halisikii, au usikivu ukatoweka ndani ya siku moja hadi tatu, usidhani ni nta wala usisubiri. Hiyo ni dharura. Dawa za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya siku chache za kwanza, na baada ya wiki kadhaa nafasi ya kuurejesha usikivu huwa ndogo sana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu wa mapokezi kwamba usikivu umepotea ghafla ili usiwekwe kwenye foleni ya miadi ya kawaida.